Feloshipu ya Shuttleworth: hela ilimfuata mtu, sio andiko

Habari zenu wadau. Wiki hizi nimeulizwa sana na vijana wanaotafuta hela za kufanyia mambo ya maarifa huria, yaani ramani, vitabu vya bure, programu huria, data za wazi na kazi za namna hiyo, kila mmoja ananiuliza kaka mfadhili gani yuko vizuri. Mimi nataka niongelee mmoja tu ambaye nimemfuatilia miaka mingi, masharti yake nimeyasoma mpaka yamekaa kichwani, na kazi za watu aliowapa hela nimezitumia darasani kwangu kabisa. Ni feloshipu, yaani ufadhili anaopewa mtu binafsi (naye anaitwa felo), ya Shuttleworth Foundation ya Afrika Kusini. Niseme mapema ili mtu asihangaike kutafuta fomu: maombi mapya hawapokei tena, feloshipu imeshafungwa. Na mimi mwenyewe sikuwahi kuomba. Naandika kwa sababu katika taratibu zote za kutoa hela nilizowahi kuziona huu ndio ulionigusa, na anayeomba ruzuku leo au anayetoa inabidi ajue ulikuwaje.

Kwa wasiomjua, Mark Shuttleworth ni yule jamaa wa Afrika Kusini aliyeanzisha Thawte, kampuni ya usalama wa mtandao, akiwa bado kijana, akaiuza kwa VeriSign mwaka 1999 kwa hela nyingi sana, zaidi ya dola milioni 500. Aprili 2002 akapanda Soyuz, chombo cha anga cha Warusi, akaenda mpaka kituo cha anga cha kimataifa, mtu wa kwanza wa Afrika Kusini kufika huko. Halafu 2004 ndio akatuletea Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa bure unaotokana na Linux. Wakongwe mtakumbuka zile CD, ulikuwa unajaza jina na sanduku lako la posta kwenye intaneti kafe halafu unasubiri, siku moja unafungua sanduku unakuta bahasha imetoka Ulaya, ndani CD za Ubuntu na stika, hujalipa hata senti. Mimi nilikuwa chuoni. Nakumbuka nilikaa kwenye ngazi za Posta naisoma ile karatasi ya juu ya CD iliyosema kopi, wape wenzako. Kwa mtu aliyezoea kununua CD za programu za wizi kule Kariakoo kwa buku mbili na virusi juu, kuambiwa na mwenye kitu mwenyewe kwamba kopi, gawa, ni halali yako, kilinigusa kitu ambacho mpaka leo hakijatoka.

Sasa mfuko wake, yaani Foundation, yeye aliuanzisha 2001 na miaka ya mwanzo ulikuwa unafanya kazi kama mifuko mingine, humo humo Afrika Kusini. Waliweka maabara za kompyuta za Linux mashuleni, zile walizoziita tuXlabs. Walikuwa na kitu kingine kinaitwa Freedom Toaster, kioski unakuja na CD yako tupu unaichomeka unachomewa programu huria hapo hapo, maana enzi hizo bando la kudaunlodi mega 700 ungeuza mbuzi. Kazi nzuri tu. Lakini 2007 wakabadilisha mtindo, wakaacha kufadhili miradi wakaanza kufadhili watu. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Utaratibu ulikuwa hivi. Unaomba wewe kama wewe, sio NGO yako, hakuna kutafuta cheti cha usajili wala barua ya bodi. Unaandika wazo lako, unaweka CV, unajirekodi video isiyozidi dakika 5 unaeleza unataka kubadilisha nini duniani na kwa nini wewe. Basi. Ukichaguliwa unalipwa mshahara wa mwaka mzima ili uache kibarua chako ufanye hiyo kazi kwa akili yote, halafu pembeni kuna hela ya mradi, mpaka dola 250,000 kwa mwaka. Kwa bei ya dola shilingi 2,500 hiyo ni zaidi ya milioni 600, zinawekwa mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka ukiisha unaweza kuomba tena, mpaka miaka mitatu.

Ila kuna kipengele ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilisimama kidogo. Hela ya mradi haiji yenyewe, lazima na wewe uchomoe ya kwako, halafu wao wanaizidisha mara kumi au zaidi. Ukiweka dola elfu moja wanaweka elfu kumi. Kuna watu walikipinga nakumbuka, wakisema ni cha matajiri, na nitarudi hapo. Lakini mimi nakiona kina akili, maana sisi wote tumeona mtu anavyotumia hela ya mradi na anavyotumia hela yake ya mfukoni, ni watu wawili tofauti.

Na sharti kubwa ni moja tu, kila unachokitengeneza kiwe huria. Kitabu, msimbo wa programu, mchoro, data, vyote viwe na leseni inayomruhusu mtu mwingine yeyote akichukue akitumie akibadilishe. Haki inabaki kwako wewe uliyetengeneza, hawaichukui wao. Wanachotaka ni usiifungie ndani.

Someni tena hapo. Haki inabaki kwako, na kazi inabaki wazi kwa watu. Mimi nimeona upande wa pili wa hilo jambo kwa macho yangu ndio maana nalisema kwa uchungu.

Miaka kadhaa nyuma walimu wanane tulipata ruzuku, mfadhili simtaji. Tukaandika vijitabu vya mazoezi ya fizikia na kemia kwa kidato cha tatu na cha nne, kila Jumamosi tunakutana kwenye darasa moja Mbagala, feni hakuna, madirisha wazi, tunabishana kuhusu swali moja la Archimedes mpaka saa tisa mchana. Kulikuwa na mama lishe jirani na geti la shule, tukamwomba atupikie, wali maharage na mchicha, sahani 40 kwa hizo siku. Akatuandikia risiti kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, jina lake, tarehe, kiasi, na saini yake aliyoiandika polepole sana. Mhasibu wa mfadhili akaikataa. Anataka risiti ya EFD, ile mashine ya TRA. Mama wa watu anapikia kwenye mafiga chini ya mwembe, mashine ya EFD ataipata wapi? Hela ikakatwa, tukachangishana walimu tukamlipa. Hiyo haikuniuma sana kama iliyofuata. Mradi ulipokwisha tukagundua kwenye mkataba kuna mstari unasema kazi zote ni mali ya mfadhili. Faili zenyewe za kuhariri zilikuwa kwao, sisi tulibaki na PDF yenye nembo kila ukurasa na maandishi hairuhusiwi kunakiliwa. Tovuti yao ikaishi mwaka mmoja na nusu ikafa. Mwalimu mmoja wa Kilwa alinipigia simu anasema mwalimu naomba kile kijitabu cha umeme, wanafunzi wangu wana mtihani wa moko, nikawa namjibu kwa mafumbo kwa sababu kisheria sina ruhusa ya kumpa kitu nilichokiandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nilimtumia. Na ningemtumia tena leo.

Basi baada ya hapo ndio nikakutana na vitabu vya Siyavula, na hapa naomba mnivumilie nitakaa kidogo maana ndio matunda yenyewe ya hii feloshipu ninayoyajua kwa kuyashika.

Siyavula kwa lugha za Kinguni maana yake tunafungua. Yule Mark Horner alikuwa mwanafunzi wa fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town, 2002 yeye na wenzake wakaanza kuandika vitabu vya sayansi vya sekondari vya bure, wanajitolea tu, kila mtu anaandika mada yake. Miaka ikapita, akapata feloshipu ya Shuttleworth, kazi ikapata miguu. Mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ikavichapisha vile vitabu vya hisabati na sayansi ikavisambaza mashuleni nchi nzima. Kitu kilichoanza na wanafunzi wa chuo kwenye kompyuta zao kikafika kwenye dawati la mtoto wa kijijini, na hakuna mchapishaji aliyekuwa na uwezo wa kukizuia kwa sababu leseni ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Nilidaunlodi kile cha sayansi ya fizikia nikakipeleka steshenari nikachapisha sura tatu, nikazifunga na spairo. Mwenye steshenari kijana mmoja mwangalifu sana, mbele ya mashine yake ameweka tangazo hatukopi vitabu, akaniangalia akasema mwalimu hiki si kitabu cha watu? Nikamfungulia ule ukurasa wa mwanzo. Pameandikwa kwamba unaruhusiwa na unahimizwa kukopi kitabu hiki bila malipo. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti. Akasema "wanahimiza?" Halafu akawasha mashine, na kwenye kuhesabu bei akanipunguzia.

Darasani tulikuta mifano ya bei iko kwa randi, mitaa ni ya Durban na Johannesburg, tukabadilisha. Randi ikawa shilingi, treni ya Johannesburg ikawa mwendokasi inatoka Kimara kwenda Kivukoni, mwanafunzi anakokotoa mchapuko wa basi alilopanda asubuhi. Hatukumwomba mtu ruhusa. Mtaala wao na wetu haulingani, hilo lazima niseme, kuna sura hatuzihitaji na kuna vitu vya NECTA havimo, ila kwa vekta na saketi za umeme maelezo yao ni mazuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Na kuhusu steshenari kuna felo mwingine nampenda kwa sababu hiyo hiyo, Arthur Attwell wa Cape Town. Yeye aliona kitu ambacho sisi tunakiona kila siku hatukifikirii, kwamba maduka ya vitabu ni machache lakini steshenari yenye fotokopi iko kila kona, mpaka kwenye vijiji ambavyo hata benki hakuna. Akaanzisha Paperight, steshenari inaingia kwenye mfumo, mteja anataka kitabu, kinachapwa pale pale kihalali na mwenye kitabu anapata chake. Wazo safi kabisa. Na halikusimama, mwisho wa 2014 wakafunga. Sasa angalia tofauti: huku kwetu mradi ukifa watu wananyamaza kimya, ripoti ya mwisho inaandikwa malengo yamefikiwa kwa asilimia tisini. Yeye aliweka hadharani nini kilifanya kazi, nini kilikwama na kwa nini, ili anayekuja nyuma asianze sifuri. Uwazi walioutaka haukuwa wa leseni peke yake, ulikuwa mpaka kwenye kushindwa, na mfadhili anayekuruhusu ushindwe ukiwa umesimama wima ni adimu jamani.

Orodha ya mafelo ni ndefu siwezi kuimaliza. Tarek Loubani, daktari Mkanada mwenye asili ya Palestina, alikuwa Gaza kwenye vita ya 2012, hospitali haina vifaa, madaktari wanaweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa kwa sababu stethoskopu ni chache. Baadaye akiwa anacheza na mpwa wake mwenye kile kistethoskopu cha kuchezea akashangaa kinasikika vizuri, akawaza kwa nini cha kweli kiwe ghali hivyo. Yeye na timu yake ya Glia wakachora stethoskopu ya kuchapwa kwa printa ya 3D, gharama kama dola 3, wakaipima dhidi ya Littmann inayouzwa bei mbaya na majibu yakatoka kwenye jarida la PLOS ONE mwaka 2018 kwamba inafanya kazi sawa. Michoro iko wazi. Jamaa yangu mmoja ana printa ya 3D alinichapia moja, ya kijani, vipande vyake vinaunganishwa kwa mkono na mpira wa kawaida. Niliweka kifuani kwa mwanangu wa kwanza akiwa amelala. Nilisikia moyo wake, du-du, du-du, kwa kifaa ambacho mchoro wake umetoka kwa mtu nisiyemjua na hajanidai chochote.

Peter Bloom naye na Rhizomatica, kule Oaxaca Meksiko, vijiji ambavyo makampuni ya simu yalisema havilipi, 2013 watu wa Talea de Castro wakasimamisha mtandao wao wa simu wenyewe, na 2016 serikali ikawapa leseni rasmi ya kutumia masafa. Steve Song yeye alifanya Village Telco, vifaa vya bei ndogo vya wanakijiji kupigiana simu kwa waifai, na ndiye mwenye ile ramani ya nyaya za intaneti za baharini za Afrika. Kama uliwahi kuona picha ya bara letu limezungukwa na mistari ya rangi rangi, mmojawapo ile waya ya Seacom iliyotua Dar na Mombasa 2009, kuna uwezekano mkubwa uliiona kazi ya mkono wake.

Kitu kingine nilichokipenda ni zile flash grant, yaani ruzuku ndogo za kushtukiza. Mafelo waliokuwa ndani walikuwa wanaruhusiwa kupendekeza watu wengine wanaofanya kazi nzuri, na huyo mtu anapewa dola 5,000. Haombi, anashtukia anaambiwa umepewa. Hamna logframe, lile jedwali la malengo na viashiria, hamna ripoti ya robo mwaka, unachodaiwa ni ueleze hadharani ulizitumiaje. Dola 5,000 kwa mtu anayechora ramani ya mifereji ya Tandale au anayeandika makala za Wikipedia ya Kiswahili usiku kwa bando lake mwenyewe, hiyo ni laptopu, ni bando la mwaka, ni kuacha kufundisha tuisheni ya jioni miezi kadhaa. Kubwa kuliko hela ni kwamba mtu amekuona.

Sasa kasoro, maana zipo na ni nzito.

Ya kwanza hilo la kuchangia. Mara kumi inasikika tamu lakini ili uifikie dola 250,000 unatakiwa uwe na 25,000 zako. Mwalimu wa serikali hapa hana, nesi hana, kijana wa ramani hana. Ungeweza kuweka kidogo upate kidogo, sawa, lakini basi mwenye akiba anapata mradi mkubwa na asiye na akiba anapata mdogo hata kama wazo lake ni bora. Wangeweza kuhesabu jasho la mtu, miaka aliyojitolea bila malipo, hiyo nayo ni hela.

Ya pili, ukisoma majina ya mafelo wengi ni wa Ulaya, Marekani Kaskazini na Afrika Kusini yenyewe. Ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki ni mdogo mno pale, na sio kwamba watu hawakuwepo. Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya 2008 baada ya zile vurugu za uchaguzi, Map Kibera ya kuchora mtaa wa Kibera Nairobi 2009, Ramani Huria hapa Dar vijana wa vyuo walitembea na GPS mitaa ya mabondeni wakichora mifereji na nyumba ili mafuriko yakija ijulikane maji yatapita wapi. Vipaji vipo. Ila video ya dakika 5 kwa Kiingereza cha kujiuza ni mtihani wa aina fulani, na tunajua nani anafaulu mtihani wa aina hiyo. Mtu anaweza akawa anajua kila mfereji wa Tandale kwa jina na bado mbele ya kamera akashikwa na kigugumizi.

Ya tatu, ulikuwa mfuko wa mtu mmoja. Uzuri wake wote wa kuamua haraka bila kamati ishirini ulitokana na hapo, na kufungwa kwake vile vile kumetokana na hapo. Mafelo kadhaa kazi zao zimesimama zenyewe, Siyavula ipo, Glia ipo. Lakini kijana wa leo mwenye wazo anakuta mlango umefungwa na waliobaki wengi wamerudi kwenye mtindo wa andiko kurasa arobaini.

Nyota nawapa nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa ajili ya hizo mbili za kwanza, ya tatu siwalaumu sana, kila mtu na hela yake.

Kwa mlioniuliza sasa mwende wapi: kwa kiasi kidogo angalieni Rapid Fund za Wikimedia Foundation, kuanzia dola 500 mpaka 5,000, mtu binafsi anaweza kuomba, haihitaji NGO. Sio mshahara wa mwaka, ila ni mwanzo. Na popote mtakapoomba, kabla hujasaini fungua mkataba utafute neno haki miliki. Ukikuta kazi ni mali yao, uliza. Waambie unataka leseni huria, Creative Commons, jina lao litabaki juu na faili za kuhariri zinabaki kwenu. Wengine wanakubali kirahisi tu, ni kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sisi wale walimu wanane tumebaki sita, mmoja amehamishiwa Songea na mmoja amestaafu. Tumeanza kuandika upya vile vijitabu kutoka sifuri, maswali mapya, michoro mipya, kwenye laptopu yangu yenye Ubuntu. Andiko la kutafuta hela ya kuchapa tumelipeleka wiki iliyopita sehemu moja, kurasa nne tu, na leseni tumeiandika ukurasa wa kwanza kabla hata ya bajeti. Chakula cha Jumamosi tumemwandika yule yule mama wa chini ya mwembe, kwa jina lake, na tumeeleza kabisa kwamba risiti yake itakuwa ya mkono. Wakijibu nitawaletea mrejesho hapa.